Abee Angani

Haya nilisimuliwa na msichana mwenyewe, juzi alasiri, aliponiletea gauni nililoshonewa na shangazi yake, mvua ikamzuia kuondoka. Chai niliyompa ilipoa bila kuguswa, maana mikono yake yote miwili ilikuwa hewani inaruka. Yale ya mwisho, yaliyotokea yeye akiwa amelala, niliongezewa na shangazi mtu kesho yake, nilipokwenda kupunguziwa mikono ya gauni.

Siku ya kwanza aliposhika redio ya ndege, msichana huyu alifanya kosa ambalo mtoto aliyelelewa ovyo asingelifanya. Alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha ndege ndogo ya shule ya urubani, viatu vinang'aa, mkanda umembana, mwalimu wake pembeni. Ndege yenyewe walikuwa wanaiita Mwanafunzi Tatu. Mara ikaja sauti masikioni mwake, nzito, ya mtu mzima aliyekula chumvi nyingi:

"Mwanafunzi Tatu!"

"Abee!" akaitika.

Ilimtoka kabla hajafikiri. Ndivyo msichana anavyomwitikia mkubwa anayemwita, na yeye tangu ajue kusema hakuwahi kumwitikia mkubwa vinginevyo. Kule mnarani, kwa waongoza ndege, mtu akajikohoza. Mwalimu akageuza uso dirishani, mabega yanamtikisika.

"Mwanafunzi Tatu," sauti ikarudi, "subiri kabla ya barabara ya kurukia. Kuna ndege inatua."

"Haya, mzee."

"Rudia."

Akadhani hajasikika vizuri. Akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akasema kwa adabu zaidi, "Haya, mzee wangu."

Ikawa kicheko cha uwanja mzima, maana kila mwenye redio alisikia. Kufika jioni jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kazi. Mafundi wa ndege, wanafunzi wenzake, hata mama wa kantini, wote wakawa wanamwita Abee. "Abee!" mtu anaita kwa mbali, na yeye masikini anageuka anaitika, "Abee!" Basi watu hawana mbavu.

Nafasi yake pale shuleni hakuiokota. Daktari alimchungulia macho mpaka akahisi anasomwa ubongo. Akamfungia kwenye kijumba kisichoingia sauti, apimwe masikio, akawa anasikia damu yake mwenyewe ikipita. Kisha ukaja mtihani wa hesabu na ramani, ukumbi umejaa vijana mpaka milangoni. Shule ilichukua wachache tu wa kuwasomesha bure, naye akiwamo. Ila sharti lilikuwa moja, na halikuwa na mlango wa nyuma: ambaye muhula utaisha hajaruka peke yake, bila mwalimu, anafungasha vyake, na nafasi anapewa mwingine anayesubiri nje.

Kurusha ndege hakukumshinda. Alikulia chini ya meza ya shangazi yake, fundi cherehani, na tangu miguu ilipofika kwenye kanyagio alikuwa anashona. Kwenye ndege nako kuna kanyagio mbili za kugeuzia mkia, na wenzake walizikanyaga kama wanaua mende, ndege inayumba kulia na kushoto kama mlevi anayetafuta mlango. Yeye alizigusa tu. Mwalimu, mwanajeshi mstaafu aliyesifia mtu mara moja kwa mwaka, siku alipoliona hilo alisema, "Hm." Wenzake wakamwambia hiyo "hm" aihifadhi vizuri.

Tabu ilikuwa redio. Sheria ya angani ni kwamba mnara ukikuambia jambo, unalirudia lilivyo, neno kwa neno, ili aliyekuambia ajue umesikia nini. Ukiambiwa panda mpaka urefu fulani, unautaja urefu huo. Ukiambiwa subiri, unasema unasubiri, na unasubiri wapi. Mwalimu alimweleza, akaelewa, kwenye karatasi akajibu vizuri kuliko darasa zima. Lakini akipanda kwenye ndege, ile sauti nzito ikisema, yote yanamtoka. Nyumbani kwao mtoto anayerudia maneno ya mkubwa ni mtoto anayembeza. Alishawahi kupigwa kofi la mdomo kwa hilo, akiwa mdogo, na mdomo wake haukusahau. Akawa analeta sauti ya mtu anayeomba radhi, anameza nusu ya maneno, na ile nusu iliyobaki anaimalizia na "mzee".

"Mwanafunzi Tatu, sijakusikia. Rudia."

"Na... nasubiri... ndiyo, mzee."

"Unasubiri wapi, binti? Jikoni?"

Mwenzake mmoja waliyemwita Mbwembwe alikuwa amekwisha kuruka peke yake, na tangu siku hiyo hakuvua miwani ya jua hata akiwa ndani. Akamwambia kantini, "Abee, wewe uolewe tu na huyo mzee wa mnara. Adabu yote hiyo inapotea bure."

"Na wewe uolewe na hiyo miwani," akamjibu, "maana mnalala wote."

Mdomo kwa rika lake haukuwa na tatizo lolote, kama unavyoona.

Ikabaki wiki moja muhula ufungwe. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuruka, amebaki yeye. Mwalimu akamwita pembeni, kwenye kivuli cha bawa.

"Ndege unaiweza," akasema. "Siku zote mimi hapo nimekuwa mzigo tu. Lakini siwezi kushuka nikakuacha huko juu na mdomo huo. Nikiwa kijana, mnara uliniambia nipande urefu fulani, mimi nikasikia mwingine. Nikarudia kile nilichosikia. Yule bwana wa mnara akanipigia kelele: siyo huo! Ndani ya wingu lililokuwa mbele yangu kulikuwa na mlima. Ningemwitikia 'haya, mzee', leo usingekuwa na mwalimu. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba... ndiyo, mwalimu."

"Unaona?" mwalimu akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nenda nyumbani. Kila shangazi yako anachokuambia, kirudie. Ukiweza kwake, utaweza kwa mtu yeyote."

Kwa shangazi! Heri angeambiwa akalale na simba.

Shangazi yake alikuwa na chumba kimoja cha kushonea kinachoangalia barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia iliyokula nafasi yote, na vipande vya vitambaa vimejaa sakafuni mpaka unatembea kama juu ya majani. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa. Kusifu hakujua, lakini kulea alijua. Siku ile alikuwa na pini mdomoni, anapinda pazia la mteja.

"Niletee mkasi," akasema bila kuinua macho.

Msichana akavuta pumzi. "Nikuletee mkasi."

"Ndiyo. Mkubwa, siyo huo wa nyuzi."

"Mkubwa, siyo huu wa nyuzi."

Cherehani ikasimama. Shangazi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa pini, kwa utulivu ambao watoto wa nyumba ile waliujua na kuuogopa.

"Nani amekufundisha kunibeza?"

"Sikubezi, Shangazi."

"Nasema, unasema. Nasema, unasema. Mimi na wewe tumekuwa rika moja lini? Tulichunga mbuzi pamoja?"

"Ni kazi ya shule, Shangazi, nisikilize kwanza..."

"Shule gani inafundisha ukasuku? Nilidhani wanafundisha kuruka!"

Hapo machozi yakamtangulia. Akamwambia yote, kuanzia ile "Abee" ya siku ya kwanza mpaka muhula unaofungwa. Akamwambia kwamba wiki ijayo atarudi kukaa kwenye hiyo cherehani ya pili, si kwa sababu ndege imemshinda, ila kwa sababu ya adabu. Alipofika kwenye "haya, mzee wangu", shangazi alitaka kucheka akajizuia, pua ikamcheza.

Kabla hajasema kitu, akaingia mama mmoja mwenye haraka zake, anataka sketi ya harusi ya mdogo wake. Shangazi akavuta futi kutoka shingoni, akaanza kumpima. Yule mama mwenyewe alijijua vipimo, akawa anavitaja kabla ya kupimwa.

"Kiuno thelathini na nne."

"Thelathini na nne," shangazi akasema, akipitisha futi. "Thelathini na nne ya zamani hiyo, mama. Leo ni thelathini na saba."

"Haya, saba. Urefu uvuke goti."

"Urefu uvuke goti. Uvuke kidogo au ufike ugoko?"

"Kidogo."

"Uvuke kidogo. Mfuko?"

"Mmoja, kulia."

"Mmoja, kulia."

Mama akaondoka. Shangazi akabaki amesimama, futi linaning'inia mkononi, akamtazama mtoto wake kama mtu aliyeona kitu kimeanguka kutoka kwenye dari.

"Huyo mama ni mkubwa kwangu," akasema polepole. "Umri na kila kitu. Mbona sikumbeza?"

Msichana akaacha kulia.

"Nisingerudia, si ningemshonea gunia? Angelivaa, watu wakamcheka, mimi nikapoteza mteja." Akapiga paja. "Kumbe mwenzangu unapewa vipimo! Sasa kwa nini hukusema ni vipimo? Unakuja hapa unaniambia mnara, mnara. Huyo mzee ni mteja, basi. Anakutajia vipimo vya njia. Adabu yake ni kumshonea kinachomwenea."

Tangu hapo nyumba ile haikulala na amani. Shangazi aliingia kazini. Msichana akiwa anaosha vyombo, sauti inatoka chumba cha pili, nzito, imetiwa ndevu kwa makusudi: "Mwanafunzi Tatu! Geuka kushoto, weka sufuria juu ya rafu!" Na yeye anajibu bila kugugumia, "Nageuka kushoto, naweka sufuria juu ya rafu, Mwanafunzi Tatu!" Akikosea neno, anaambiwa arudie. Akisema "haya", anarushiwa kipande cha kitambaa. Majirani wakaulizana kama fundi ameanza kuugua. Mzee mmoja alikuja kuchukua suruali yake akakuta msichana anamrudia shangazi yake kila neno, akatikisa kichwa kwa kusikitikia watoto wa siku hizi, na shangazi akamwambia, "Kiuno chako wewe nacho nilikirudia, ndiyo maana suruali haidondoki."

Ikafika siku. Asubuhi ilikuwa safi, upepo mdogo, mawingu yamekaa mbali. Msichana aliizunguka ndege yake kama ilivyo ada: akachovya kijiti kupima oili, akakinga mafuta kidogo kwenye kichupa akayaangalia juani kama yana maji, akazishika mbawa kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Wakapanda na mwalimu, wakaruka, wakazunguka uwanja, wakatua. Wakaruka tena, wakatua. Redioni alijibu kila kitu, sauti yake imenyooka. Mwalimu hakusema lolote, hata "hm" hakusema.

Mara ya tatu walipotua, mwalimu akamwambia asimamishe pembeni, asizime injini. Akafungua mkanda, akafungua mlango, akashuka.

"Mwalimu, umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," akasema kwa kupaza sauti, upepo wa pangaboi unampeperusha shati. "Zunguka mara moja, utue. Ndege itakuwa nyepesi, usishangae." Akafunga mlango, akaupiga kofi mara mbili kama unavyopiga kiuno cha punda, akaenda kusimama nyasini na redio yake ya mkononi.

Kiti cha pembeni kikawa kitupu. Anasema hicho ndicho kitu kilichomtisha kuliko vyote, kile kiti. Mkanda wake ulikuwa umelala juu yake kama mtu aliyechoka.

"Mwanafunzi Tatu, ruhusa kuruka."

"Ruhusa kuruka, Mwanafunzi Tatu."

Akasukuma mpini wa moto, ule unaoipa injini nguvu, mpaka mwisho. Ndege ikanguruma, ikakimbia, na kabla hajaitarajia ikaachia ardhi, nyepesi, kama mtu aliyeshusha mtoto mgongoni. Uwanja ukashuka chini yake, kisha kantini, kisha paa za mji zinazometameta. Alikuwa peke yake. Hakuna binadamu katika dunia hii angeweza kunyoosha mkono akamshikia usukani. Na badala ya hofu, anasema, akajikuta anaimba. Wimbo wenyewe haukumbuki. Anakumbuka mdomo ulikuwa wazi.

Akageuka, akanyoosha sambamba na barabara ya kurukia, akageuka tena, akaanza kushuka. Mnara ukasema, "Mwanafunzi Tatu, ruhusa kutua."

"Ruhusa kutua, Mwanafunzi Tatu."

Barabara ikawa inakuja mbele yake, inapanuka. Akashusha mabapa ya mbawa ya kupunguzia mwendo, akapunguza moto, akaitazama kasi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hapo ndipo alipoliona trekta.

Lilikuwa trekta la kukata nyasi. Dereva wake alikuwa amevaa vifuniko vya masikio, anageuza kwenye kona, na kwa kugeuza kwake akapanda na magurudumu yote juu ya barabara ya kurukia, anavuka taratibu kama anavuka shamba la baba yake. Mzee wa mnara muda huo macho yake yalikuwa upande wa pili, kwenye ndege nyingine iliyokuwa inaomba kuingia.

Sasa fikiri. Kurudia maneno ya mkubwa alikuwa amekwisha kukujua. Lakini mkubwa amesema tua. Hakuna aliyemtajia kipimo kingine. Hapa hakuna cha kurudia. Hapa inabidi mtoto amkatalie mkubwa, mbele ya watu wote wenye redio, tena kwanza atende ndipo aseme.

Mkono ukatangulia. Akasukuma moto mpaka mwisho, akainua pua ya ndege. Trekta likapita chini yake, akaona kofia ya dereva, nyeupe. Ndege ilipokwisha kushika kasi ya kupanda, akabonyeza redio.

"Mnara, sitatui. Nazunguka tena. Kuna trekta barabarani. Mwanafunzi Tatu."

Hakusema "mzee". Hakusema "samahani". Anasema mwenyewe aliisikia sauti yake akashangaa ni ya nani.

Mwalimu kule nyasini alikuwa ameiweka redio sikioni kwa mikono yote miwili. Kisha ile sauti nzito ikaja, na safari hii yenyewe ndiyo iliyorudia, neno kwa neno, bila kuacha:

"Hutatui. Unazunguka tena. Trekta barabarani. Nimepokea, Mwanafunzi Tatu." Ikatulia kidogo. "Asante sana, rubani."

Akazunguka. Chini aliona watu wakimkimbilia dereva wa trekta wakipunga mikono kama wanafukuza nyuki. Ruhusa ikaja upya, akairudia, akashuka. Magurudumu yakagusa lami kwa upole kabisa, anasema hakujua kama ametua mpaka aliposikia sauti ya matairi.

Alipozima injini na kufungua mlango, hakupewa nafasi hata ya kushusha mguu. Ndoo ya maji ilimfunika kuanzia kichwani. Ndivyo wanavyomfanyia kila anayeruka peke yake mara ya kwanza. Aliyeshika ndoo alikuwa Mbwembwe, bila miwani.

"Mimi nilipewa uwanja mtupu," akasema, "wewe umepewa wenye trekta. Kelele zangu zimekwisha, dada."

Mwalimu akaja akamshika mkono, akaukaza. "Hm," akasema. Akafikiri. Akaongeza, "Vizuri." Mafundi wakatazamana, hilo neno walikuwa hawajawahi kulisikia kutoka kwake.

Na kutoka kwenye ngazi za mnara akashuka mzee mmoja mfupi, mwembamba, kofia imemzidi, anatembea kwa haraka. Msichana hakujua ni nani mpaka alipofungua mdomo, ile ngurumo ikatoka kwenye kifua kidogo namna ile.

"Huyo aliyenikatalia yuko wapi?"

Msichana akapiga goti na maji yake yanachuruzika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama, simama, chini kuna oili." Akamtazama vizuri. "Kuanzia leo, ukiwa chini niamkie unavyotaka. Ukiwa juu, nijibu vile vile ulivyonijibu leo. Dereva wa trekta ana watoto, ananiomba nikushukuru. Hawezi kuja mwenyewe, bado amelikumbatia gurudumu la trekta."

Watu wakapiga makofi mpaka mama wa kantini akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Akafika nyumbani alasiri, nguo zimemkaukia mwilini zikawa na mikunjo kama karatasi. Shangazi alikuwa mlangoni. Siku nzima hakushona mshono ulionyooka. Kila ndege ikipita alisimamisha cherehani, akashika shingo ya kanga yake, akangoja mlio upotee.

"Mbona uko hivyo? Wamekutupa kisimani?"

"Nimeruka peke yangu, Shangazi."

Shangazi hakupiga vigelegele. Alikaa kwanza, kwenye kiti cha wateja, akajifuta uso kwa pazia la watu. Kisha akainuka, akatoka barabarani jinsi alivyo, miguu mitupu, akamsimamisha muuza mkaa, akamsimamisha mama wa sketi aliyekuja kujaribu, akamsimamisha na mtu asiyemjua kabisa, anawaambia, "Mnaiona hiyo? Hiyo iliyosimama hapo na nguo za mikunjo? Ni rubani! Nimemlea mimi, kwa mikono hii!" Mama wa sketi akaambiwa aje kesho, leo mashine imepumzika, na wala hakununa.

Wakakaa chini, juu ya vipande vya vitambaa, mlango umerudishwa nusu, jua la jioni linaingia kwa ufa. Shangazi alitaka yote. Kiti kitupu kilikaaje? Kofia ya dereva rangi gani? Huyo mzee, mfupi kiasi gani, ananifikia wapi? Msichana akajibu, akajibu, majibu yakaanza kuwa mafupi. Alipoulizwa ni wimbo gani aliouimba kule juu, akafungua kinywa ajibu, kikabaki wazi. Alikuwa amelala, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado mguuni.

Shangazi akakivua kile cha pili taratibu. Akachukua pazia la mteja, lile lile alilolipinda kombo mchana kutwa, akamfunika nalo mpaka mabegani. Akakaa akimtazama, anacheka peke yake bila sauti, mkono juu ya mdomo. Ndege moja ikapita juu ya paa, mbali, inakwenda zake. Safari hii hakushika shingo ya kanga. Akajinyoosha pembeni ya mtoto wake, akaweka kichwa juu ya robota la kitambaa kipya, na mlio ule ulipokuwa unafifia, naye akalala.